Wahusika wa Kuazima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hadithi za Mashabiki na Kuandika Wawili

Maswali haya yamenifikia kwa miaka kadhaa, mengi usiku wa manane, na baadhi kutoka kwa watu waliokwisha kugombana na waandishi wenzao wakitaka niwaambie kuwa wao ndio wenye haki. Mimi si mwanasheria wala mhariri wa kulipwa. Nimeandika hadithi za mashabiki peke yangu, nimeandika na mwenzangu, nyingine nimezimaliza na nyingine nimezikimbia. Najibu kwa mizani hiyo.

Hadithi ya mashabiki ni nini hasa?

Ni hadithi unayoiandika ukitumia wahusika au dunia aliyokwisha kuitunga mtu mwingine. Umemaliza mfululizo wa televisheni, mhusika unayempenda ameuawa kizembe dakika kumi kabla ya mwisho, na usingizi umegoma. Unawasha taa na kuandika kile kilichopaswa kutokea. Basi, umeshaandika hadithi ya mashabiki. Wengine huiita fanfiki. Ni kitu kilekile.

Zipo za kujaza pengo, pale mtunzi aliporuka miaka saba kwa sentensi moja nawe unataka kujua miaka hiyo ilipitaje. Zipo za kurekebisha mwisho. Zipo zinazowahamisha wahusika wote kwenye maisha mengine kabisa, rubani wa chombo cha angani akawa mwalimu wa hisabati. Na zipo, tena ndizo tele, zinazowaoza wahusika ambao kwenye kazi ya asili hata salamu hawapeani vizuri.

Huu si mchezo wa vijana wa intaneti tu?

Hapana. Katika takhmisa, mshairi wa Kiswahili huchukua ubeti wa mwenzake wenye vipande viwili, akatunga vitatu vya kwake na kuvishona humo, ubeti ukawa wa vitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alilifanyia hivyo shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, na leo tunamsoma kama bwana wa ushairi. Tazama anavyolazimika kufanya: asikilize mizani ya mwenziwe, afuate kina chake, kisha aseme jambo lake mwenyewe bila kuivunja sauti ya kwanza. Hakuna maelezo bora zaidi ya kazi yetu.

Huko Hispania, mwandishi Cervantes alitoa sehemu ya kwanza ya riwaya yake Don Quixote mwaka 1605. Kabla hajatoa ya pili, mtu aliyejificha nyuma ya jina la Avellaneda akachapisha mwendelezo wake mwaka 1614. Cervantes alikasirika, lakini hasira yake aliitia ndani ya kitabu: katika sehemu ya pili, ya 1615, Don Quixote anapata habari za kile kitabu cha uongo, anasikia kuwa humo amepelekwa Zaragoza, na papo hapo anaghairi safari na kuelekea Barcelona ili kumuumbua mwongo. Mpaka leo sijaona jibu kali kuliko hilo kutoka kwa mtunzi aliyeibiwa mhusika.

Sura ya kisasa ya jambo hili ilianza na mashabiki wa Star Trek. Tamthilia hiyo ya televisheni, ya safari za angani, ilianza kurushwa Marekani mwaka 1966, na mwaka uliofuata likatoka Spockanalia, jarida dogo la mashabiki lililochapwa na kusambazwa kwa mkono na kwa posta. Wanawake walikuwa nguzo kubwa ya kazi hiyo. FanFiction.Net, tovuti ya kuweka hadithi hizi, ilifunguliwa mwaka 1998. Archive of Our Own, tovuti nyingine ambayo mashabiki waliijenga wenyewe na huendeshwa kwa michango na watu wa kujitolea, ilifunguliwa mwaka 2009, na miaka kumi baadaye, 2019, ikapewa Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi.

Si wizi?

Kwa maadili nasema si wizi, ilimradi humfichi mwenye mali na huuzi. Kwa sheria, jibu lina kona.

Chini ya Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki yaliyotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, kazi hulindwa bila hata kusajiliwa, na ulinzi hudumu angalau maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Miongoni mwa haki za mtunzi ni kuamua nani aigeuze kazi yake kuwa kitu kingine, na hadithi yako ni mgeuzo. Marekani ina kinga iitwayo matumizi ya haki, ambayo hupima mambo manne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenyewe. Mahakama hupima kesi kwa kesi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuandika juu kabisa “wahusika si wangu” ni ngao. Ni adabu, na adabu ni nzuri, lakini haimzuii wakili.

Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba wenye kazi hufumbia macho hadithi zisizouzwa. Wachache hukataa waziwazi, kama mwandishi wa riwaya marehemu Anne Rice alivyofanya. Akikataa mwenyewe, mimi hukaa mbali. Dunia ina wahusika wengi.

Na wapo walio huru. Mpelelezi Sherlock Holmes amekuwa uwanja wa mashabiki tangu mtunzi wake, Conan Doyle, alipomuua mwaka 1893 na wasomaji wakakataa kumzika. Mwaka 2014 mahakama ya rufani huko Marekani iliamua kuwa Holmes wa hadithi za zamani, ambazo ulinzi wake umekwisha, ni wa kila mtu. Na kuanzia Januari 2023 hadithi zote zilizobaki nazo ziliachiwa huko. Ukiwa na roho ndogo kuhusu sheria, anza na mhusika wa namna hiyo.

Naweza kuiuza?

Kama ilivyo, hapana, isipokuwa una ruhusa au kazi ya asili iko huru. Ukimvua mhusika jina, sura, dunia na historia yake, na bado hadithi ikasimama, hapo unacho kitu chako. Riwaya ya Fifty Shades of Grey ilianza hivyo, ikiwa hadithi ya mashabiki wa riwaya za Twilight. Lakini kumvua mhusika si kubadilisha majina kwa kompyuta. Nimejaribu. Nilibadilisha jina la shujaa katika hati nzima kwa pigo moja, na kwa kuwa jina lake la awali lilikuwa limo ndani ya maneno mengine, nikapata kurasa 80 za lugha isiyozungumzwa na binadamu yeyote. Hata baada ya kusafisha, niligundua kuwa msomaji asiyeijua tamthilia hana sababu ya kumpenda mtu huyu, kwa sababu sababu zote nilikuwa nimeziacha kwa jirani.

Sijawahi kuandika. Nianzie wapi?

Andika tukio moja. Usianze na safari ya sura 40. Tafuta mahali kamera ilipogeuka: wameingia chumbani wakiwa wamenuniana, tukio linalofuata wanacheka. Katikati palisemwa nini? Andika hiyo katikati, maneno 800 yanatosha.

Faida ya kuazima ni kwamba vitu vingi umeshapewa. Sura za watu zinajulikana, nyumba zimejengwa, ugomvi una historia. Unaweza kujifunza kitu kimoja kwa wakati, kwa mfano namna watu wawili wanavyosema uongo wakiwa wanapendana. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa mwanafunzi wa uandishi inasitiri vizuri tu, mpaka siku ya kuirudisha.

Wameniambia mhusika wangu ni “Mary Sue”. Nimetukanwa?

Kidogo. Jina hilo lilitoka kwenye dhihaka fupi aliyoandika Paula Smith mwaka 1973, akiwacheka waandishi wa hadithi za Star Trek waliokuwa wakimwingiza chomboni binti mdogo kuliko maofisa wote, mrembo kuliko wote na hodari kuliko wote, halafu kila mtu anampenda. Siku hizi neno hili hurushwa hovyo, hasa kwa mhusika yeyote wa kike mwenye uwezo, na kwa sababu hiyo sina haraka ya kulikubali. Jiulize swali moja tu: kuna jambo lolote katika hadithi ambalo mhusika huyu anakosea na linamgharimu? Kama lipo, endelea na safari yako.

Msomaji wa kwanza ni nani, na kazi yake ni nini?

Ni mtu anayeisoma rasimu kabla ya wengine na kukwambia ukweli. Si msahihishaji wa tahajia, ingawa akiona “hapenda” badala ya “hakupenda” atakwambia. Kazi yake kubwa ni kukuonyesha ulipolala.

Nitoe mfano, maana swali hili huulizwa sana na hujibiwa kwa maneno ya jumla. Niliwahi kuandika hivi: “Alihisi huzuni kubwa sana moyoni mwake kutokana na kifo cha kaka yake.” Niliipenda. Msomaji wangu wa kwanza, dada mmoja asiye na mzaha, aliandika pembeni maneno mawili: “Namwona wapi?” Nikaibadilisha: machozi yakamlengalenga. Akajibu, “Dada, huyu mtu analia kila sura, macho hayajamkauka tu?” Nilikasirika siku nzima. Usiku nikaandika: “Shati la kaka yake lilikuwa bado kwenye kamba. Alilianua, akalikunja. Kisha akalikunjua, akalianika tena.” Hakuandika kitu pembeni ya hiyo. Kwa yeye, ukimya ni makofi.

Utampata wapi? Kwa kuwa msomaji wa kwanza wa wengine. Soma kazi ya mtu, mwandikie maoni yanayoonyesha kuwa umesoma, utaona anakuuliza kama una kitu cha kumwonyesha. Ukimpata, mwambie unataka nini hasa. “Niambie tu unavyoona” ni mzigo. “Niambie ulichoka ukurasa wa ngapi” ni swali.

Tunataka kuandika wawili. Tugawane vipi?

Kuna njia tatu nilizoziona zikifanya kazi. Ya kwanza ni kupokezana sura: wewe moja, yeye moja. Ina msisimko, ila kila mtu hujaribiwa kumwachia mwenzake fundo asilolijua yeye mwenyewe litafunguliwaje. Ya pili ni kugawana wahusika, kila mmoja akaandika kinachoonwa na mtu wake; inafaa sana kwa hadithi za mapenzi na za uadui, kwa sababu ile hali ya kutojua mwenzako anafikiri nini inakuwa ya kweli. Ya tatu ni mmoja kupanga kisa na mwingine kukiandika. Ellery Queen, jina lililoanza kuonekana kwenye vitabu vya upelelezi mwaka 1929, lilikuwa la mabinamu wawili, Frederic Dannay na Manfred B. Lee, na kwa kiasi kikubwa walifanya hivyo: Dannay akisuka fumbo, Lee akiliandika. Walibishana vikali kwa miongo kadhaa na vitabu vikaendelea kutoka. Ubishi haukuwaua kwa sababu kila mmoja alijua jembe lake.

Njia ya nne, ya kuandika aya moja kwa pamoja mkiwa mmekaa mezani, inachekesha kwa saa moja. Saa ya pili mmoja wenu anaanza kutazama simu.

Sasa, kabla ya neno la kwanza, kaeni mjibizane mambo machache, na majibu myaandike hata kama ni marafiki wa chanda na pete. Tukitofautiana, nani ana neno la mwisho? Mmoja akiacha, mwingine anaweza kuendelea? Jina la nani linatangulia? Sura moja kila baada ya muda gani, na mtu akichelewa anasema vipi? Kuna jambo gani ambalo mmoja wetu hataki kuliandika hata kidogo? Hilo la mwisho watu huliona aibu. Ulizeni. Mwenzako akiwa amefiwa na mtoto, hutaki kulijua jambo hilo baada ya kumtumia sura ya mazishi.

Mimi nalisema hili kwa uchungu. Hadithi yetu ndefu ilifika sura ya 14, ina wasomaji waaminifu, na hatukuwahi kujibizana hata moja kati ya hayo. Mimi nilitaka wahusika waachane mwishoni. Mwenzangu alitaka warudiane, na alikuwa ameshawaahidi wasomaji kwenye majibu ya maoni bila kuniambia. Nikabadilisha aya zake tatu usiku. Asubuhi akazirudisha. Nikazibadilisha tena. Kwa siku nne hatukuandikiana ujumbe hata mmoja, tulikuwa tunazungumza kwa kufutiana. Sura ya 15 haipo mpaka leo.

Msomaji anaweza kujua nani kaandika wapi. Tufanyeje?

Mpeni mmoja kazi ya kupita juu ya kila sura mwishoni, akisoma kwa sauti. Sikio hukamata mshono haraka kuliko jicho. Mara nyingi tatizo huwa dogo kuliko mnavyodhani: mmoja anaandika “akasema” na mwingine “alisema”, mmoja ana sentensi za pumzi moja, mwingine anazungusha.

Muwe pia na hati ya kumbukumbu, na muijaze siku ileile jambo linapoandikwa. Yetu ilikuwa na vitu kama: *kovu, shavu la kushoto, haombi samahani, husema “nimesikia”, dirisha la jikoni halifungi.* Hicho cha dirisha kilikuja kutufaa sana sura ya 11, mwizi alipoingilia hapo. Ila hati haisaidii asiyeifungua. Katika sura ya 3 niliua mbwa, nikamlilia aya mbili nzima. Katika sura ya 9 mbwa yuleyule alibweka kumpokea mgeni. Sura zote mbili niliandika mimi mwenyewe.

Na tukiwa kumi?

Mwaka 1931 wanachama wa Detection Club, chama cha waandishi wa hadithi za upelelezi cha Uingereza, akiwemo Agatha Christie na Dorothy L. Sayers, waliandika riwaya moja ya mauaji kwa kupokezana, kila mmoja akipokea sura za waliotangulia bila kuambiwa walikusudia nini. Sharti lilikuwa kwamba kila mwandishi awe na suluhisho lake kichwani, asitupe tu mafumbo kwa anayefuata. Anthony Berkeley, aliyeangukiwa na sura ya mwisho, aliipa jina lenye maana ya kusafisha uchafu. Mkiwa kumi, chukueni sharti lile, na mchagueni Berkeley wenu mapema.

Mwenzangu amepotea bila kuaga. Nisubiri mpaka lini?

Mwandikie mara moja, kwa upole, bila swali la lawama: “Natumaini uko salama. Sura yako inakusubiri, lakini hakuna anayekukimbiza.” Mpe mwezi mmoja. Asipojibu, mwandikie tena ukimwambia unachokusudia kufanya na lini. Maneno yake ni yake. Huwezi kuyatumia mahali pengine wala kuyaandika upya ukayaita yako. Unaweza kuendelea na mhusika wako mwenyewe ikiwa mlikubaliana hivyo. Kama hamkukubaliana, rudi juu usome kisa cha sura ya 15.

Nina kazi, watoto, na mama anayeumwa. Muda wa kuandika unatoka wapi?

Swali hili ndilo linalonifikia zaidi kuliko mengine yote, na majibu mengi yanayotolewa huwa yameandikwa na watu wenye milango inayofungwa.

Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa posta Uingereza karne ya 19. Aliamka kukiwa bado giza, akakaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa ikiwa mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa, kisha akaenda kazini. Akaacha riwaya 47. Mfano mzuri, na watu huutaja sana, ila husahau kutaja kwamba alikuwa na mtumishi mzee aliyelipwa ziada kumwamsha na kumletea kahawa. Kama mtumishi ni wewe, hesabu nyingine inahitajika.

Yangu ni hii. Mtoto ana mazoezi mara mbili kwa wiki, dakika 50 kila mara. Ninabaki garini. Kompyuta siibebi, naandika kwenye simu, kidole gumba kimeota sugu. Hizo ni dakika 100 ambazo hakuna anayenidai, na kwa dakika 100 naandika kati ya maneno 600 na 900. Hadithi ya sura moja hunichukua wiki tano. Zamani nilikuwa naona aibu kwa kasi hiyo. Sasa naona aibu zaidi kwa usiku niliokaa macho hadi saa tisa, kisha asubuhi nikawafokea watu wasio na kosa.

Kinachookoa dakika ni kuacha alama. Kabla sijafunga simu huandika mstari mmoja wa kesho. Wa juzi ulisema: “Anafungua barua. Si yake. Anaendelea kusoma.” Nikirudi baada ya siku tatu sihitaji kusoma nyuma ili nijue nilikuwa wapi.

Na wiki za hospitali usiandike. Mhusika hafi kwa kuachwa mwezi mmoja, hasa wa kuazima. Ana mashabiki wengine wa kumwangalia.

Nyumbani wanaona napoteza muda. Nawaelezaje?

Usianze kwa kutetea sanaa. Anza kwa kutaja saa. Watu wa nyumbani mara nyingi hawachukii uandishi, wanachukia kutojua utamaliza lini, na kukuona umekaa nao huku akili iko kwenye chombo cha angani. “Jumamosi saa mbili hadi saa nne siko, baada ya hapo niko” ni maneno yanayoeleweka hata kwa mtu asiyesoma hadithi. Kisha saa nne ikifika, uwepo kweli. Mume wangu hajawahi kusoma hata moja ya hadithi zangu, naye ndiye mlinzi mkali wa hizo saa mbili.

Wasomaji wananidai sura mpya kila siku.

Ahadi ni deni, kwa hiyo usikope. Mimi siweki sura ya kwanza mpaka niwe na rasimu ya zote, au angalau tano mbele. Wengi huona hili linaua raha ya kuandika huku wasomaji wakishangilia, na kweli linaipunguza. Lakini sijadaiwa tangu nianze.

Wale wanaoandika “lini sura nyingine???” si maadui. Ni watu waliokwama njia panda ulipowaacha. Wajibu mara moja kwa tarehe unayoiweza, au useme hujui. Anayeendelea kwa matusi, mzuie, usimjibu.

Nimeweka hadithi, hakuna aliyesema kitu.

Inauma. Kabla hujailaumu kazi, angalia maelezo ya mwanzo na lebo ulizoweka. “Hii ni mbaya, samahani, ni mara yangu ya kwanza” ni mlango ulioufunga mwenyewe. Andika sentensi mbili za kisa, taja wahusika, taja mambo mazito yaliyomo ili mtu asikutane nayo ghafla. Ukifanya yote hayo na bado kimya, basi labda mashabiki wa kitu hicho ni wachache. Wasomaji sita wanaorudi ni wengi, ukiwaweka sebuleni.

Naweza kutumia akili bandia kuandika sehemu yangu?

Mwambie mwenzako kwanza, na wasomaji pia. Akijua baadaye kwamba miezi mitatu alikuwa anapokezana sura na programu, hutampata tena. Kwangu jambo lenyewe halina mvuto: nafanya kazi hii bila malipo, kwa raha ya kuifanya, sasa nimpe nani raha yangu aifanye?

Lini niache wahusika wa watu na kuandika wangu?

Si lazima uache. Ukitaka, jua unachokikosa. Hadithi za mashabiki hukufundisha mazungumzo, mwendo wa tukio, kumaliza, kusikia maoni bila kufa. Hazikufundishi kumtambulisha mgeni kwa mgeni. Msomaji wako amekuja tayari anampenda mtu wako. Hujawahi kufanya kazi ya kumfanya ampende. Kwa hiyo fanya zoezi hili: andika kurasa mbili za mhusika wako mpya akifanya jambo dogo la kawaida, mpe mtu asiyekujua asome, muulize kama anataka ukurasa wa tatu. Nilipofanya mara ya kwanza jibu lilikuwa hapana. Mara ya nne lilikuwa “labda”.

Nifute hadithi zangu za zamani? Zinanitia aibu.

Ukifuta, hakikisha umebaki na nakala. Archive of Our Own ina njia ya kati: unaweza kuitoa hadithi mikononi mwako ikabaki pale bila jina lako, wasomaji wakaendelea kuisoma. Ukishafanya hivyo hurudi nyuma, huwezi tena kuihariri wala kuifuta, kwa hiyo lala nalo siku mbili kwanza.

Ile ya sura 14 tuliifanyia hivyo, mimi na mwenzangu, baada ya mwaka mzima wa kutosemezana. Ilikuwa mara ya kwanza tunakubaliana jambo kwa maandishi. Miezi michache iliyopita nilipita pale kama mgeni. Palikuwa na maoni mapya, mtu ameisoma yote kwa usiku mmoja, anashukuru, halafu anauliza: yule mbwa alifufuka lini? Nikamjibu, bila kusema mimi ni nani, kwamba hata mimi nimekuwa nikijiuliza.